Mbegu za nyanya nilizohifadhi nyingi hazikuota, na zilizoota zimezaa nyanya za kila namna: je, nilipanda GMO?

Mama Pongwe, Tanga

Ndugu wakulima wenzangu, salamu nyingi. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, matuta manne na mifuko ya saruji ishirini na kitu niliyoijaza udongo na samadi ya mbuzi. Nyanya ninazipanda kwa ajili ya jikoni kwangu, na zikizidi ninamuuzia jirani mwenye genge.

Mwaka jana nilinunua pakiti ya mbegu katika duka la pembejeo, kwa bei iliyonifanya nimuulize muuzaji mara mbili, kwa kuwa mbegu zenyewe hazikujaa hata kijiko cha chai. Zilikuwa zimepakwa rangi ya waridi. Mavuno sikuyalalamikia hata kidogo: miche ilikwenda sare, nyanya zilikuwa ngumu na zimelingana kama mayai ya trei moja, na zilikaa kapuni siku kumi na mbili bila kulegea. Nikasema moyoni kwamba safari hii sirudi dukani. Nilichagua nyanya nane zilizo nzuri kupita zote, nikakamua mbegu zake juu ya gazeti, nikazianika kwa siku mbili, kisha nikazibandua, nikazitia katika kifuko cha plastiki, nikafunga fundo na kukiweka juu ya jokofu, mahali ambapo panya hawafiki.

Baada ya miezi minane nilipanda mbegu 60 kitaluni. Zilizoota ni 14. Katika hizo 14, mche mmoja umepanda hadi umeupita ukuta wa uani, mwingine umekoma magotini na kuzaa kwa mkupuo mmoja. Upo unaozaa nyanya bapa zenye mikunjo kama pochi kuukuu, upo unaozaa vijinyanya virefu vyenye maganda laini, na mmoja umenyauka katikati ya kuzaa ilhali majirani zake wa kulia na kushoto ni wazima.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye ninamheshimu kwa kilimo chake, alizitazama akatikisa kichwa, akaniambia kwamba nimepanda GMO, yaani mmea uliobadilishwa vinasaba, na kwamba mbegu hizo zimetengenezwa zisizae mara ya pili ili turudi dukani kila msimu. Naomba kujua kama kauli hiyo ni kweli. Naomba pia kujua namna ya kuhifadhi mbegu katika joto na unyevu wa huku pwani, kwa sababu mafundisho mengi ninayoyasoma yanaandikwa na watu wa nchi za baridi. Na kuna jambo la tatu: mpwa wangu aliyeko Marekani ameniahidi kwamba akija likizo ataniletea mbegu za nyanya ya zambarau hadi ndani. Je, nimkubalie?

Mzee wa Likoni, Mombasa

Mama, mimi nakubaliana na huyo mzee wa mtaani kwenu. Marehemu mama yangu alipanda tungule zile zile kwa zaidi ya miaka ishirini, mbegu zikikaa katika kibuyu chenye majivu, na hakuna mwaka hata mmoja alioingia dukani. Leo unanunua mbegu, unavuna mara moja, na ukirudia unapata vioja kama hivyo ulivyovieleza. Kama hiyo si hila ya kampuni, basi tuambiwe ni nini.

Bwana Shamba Mstaafu, Arumeru

Mama Pongwe, kwanza hongera kwa kuhesabu. Katika miaka yangu ya kazi nilipokea malalamiko mengi ya mbegu, na ni wachache mno waliokuja na idadi mkononi. Wewe umekuja na 60 na 14, kwa hiyo tuna pa kuanzia.

Una matatizo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. Mbegu kutoota ni shauri la hifadhi. Mbegu kuota na kuzaa watoto wasiofanana ni shauri la uzazi. Hayo yote mawili yanaelezeka bila kuitaja GMO.

Nianze na uzazi. Mbegu uliyonunua ni chotara, na ukiwa bado una pakiti, itafute alama ya F1. Mzalishaji huwa na koo mbili za nyanya, kila moja ikiwa imezalishwa ndani kwa ndani kwa vizazi vingi hadi imetulia. Labda moja ina tunda gumu, nyingine ina ukinzani dhidi ya mnyauko. Kisha wafanyakazi hukaa mbele ya miche, hulifungua ua moja moja kwa kibano kabla halijachanua, hunyofoa sehemu ya kiume, na kupaka chavua ya ukoo wa pili kwenye sehemu ya kike. Kazi hiyo ya mikono, ua kwa ua, ni sehemu kubwa ya ile bei iliyokufanya uulize mara mbili. Watoto wa ndoa hiyo hufanana wote, kwa kuwa kila mmoja amepokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Wajukuu ndio wanaogombea urithi. Chukua urefu wa mche: sifa ya kukoma kukua hujificha inapokutana na sifa ya kuendelea kurefuka, hivyo chotara aliyezibeba zote mbili hurefuka, lakini ukipanda mbegu zake, takribani mmoja katika kila wanne hupokea ufupi kutoka pande zote mbili, na huyo ndiye aliyekomea magotini kwako. Umbo la tunda, ugumu wa ganda na ukinzani wa magonjwa navyo hugawanyika vivyo hivyo, ndiyo maana mche mmoja umenyauka na majirani zake wakasalimika. Mtawa Gregor Mendel aliichapisha hesabu hii mwaka 1866. Alihesabu njegere, lakini nyanya hazikumpinga.

Kwa hiyo ulichokiona uani kwako kingetokea hata kama teknolojia ya kubadilisha vinasaba isingebuniwa kamwe.

GMO ni jambo jingine: ni kuchukua kinasaba na kukiingiza maabara ndani ya mmea, pengine kutoka kwa kiumbe kisichoweza kupandana nao. Nyanya ilikuwa miongoni mwa za mwanzo katika safari hiyo. Mwaka 1994 kampuni ya Calgene ya California iliruhusiwa kuuza nyanya iitwayo Flavr Savr, ambayo ilibadilishwa ili ichelewe kulainika. Gharama zikaishinda, na kufikia mwaka 1997 ilikuwa imetoweka sokoni. Kwetu Tanzania, jaribio lililojulikana zaidi lilikuwa la mahindi ya kustahimili ukame pale Makutupora, Dodoma, yaliyopandwa mwaka 2016, na mwaka 2018 serikali ikaamuru jaribio hilo lisimamishwe. Yalikuwa mahindi. Hakuna nyanya ya GMO iliyoidhinishwa kuuzwa hapa nchini, wala Kenya, na muuza pembejeo wa Tanga hana njia ya kawaida ya kuipata.

Mzee wa Likoni, hadithi ya mbegu isiyozaa haikuzuka hewani, nami sitaki kumcheka mtu anayeisimulia. Machi 1998 kampuni ya Delta and Pine Land pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipewa hataza, yaani haki miliki ya uvumbuzi, ya mbinu ya kuifanya mbegu ya kizazi cha pili isiote. Watu wakapiga kelele dunia nzima. Mwaka 1999 kampuni ya mbegu ya Monsanto ikaahidi hadharani kutoiingiza sokoni, na mwaka 2000 nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuai zikakubaliana kuizuia. Mbegu hiyo haijapata kuuzwa popote. Za Mama Pongwe ziliota 14 na zikazaa, tena moja imeupita ukuta.

Ile rangi ya waridi huchanganywa na dawa ya kuua kuvu, inayopakwa hata kwenye mbegu za kawaida, ili mtu asizidhanie chakula. Nawa mikono baada ya kuzishika, na usimpe kuku zilizobaki.

Sasa tuje kwenye hifadhi, ambako kosa ni lako, Mama, na nakuambia kwa heshima. Umekosea mara tatu. Ute ulioizunguka mbegu hukuuondoa, na ute huo una vitu vinavyoizuia mbegu isiote, maana ndivyo nyanya inavyojilinda isichipue ikiwa bado ndani ya tunda. Umeanika siku mbili tu juu ya gazeti, kisha ukafunga plastiki, yaani umeufungia unyevu ndani pamoja na mbegu. Halafu umeziweka juu ya jokofu, mahali ambapo joto linalotolewa nyuma ya jokofu hupanda na kukaa mchana na usiku. Ungeziacha mezani zingepona zaidi.

Wataalamu wa mbegu wana kanuni iliyotokana na kazi za James Harrington wa California: katika viwango vya kawaida, kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza ndani ya mbegu huongeza umri wake maradufu, na kila nyuzi 5 za joto unazopunguza pia huuongeza maradufu. Mbegu ya nyanya ikiachwa wazi katika hewa ya pwani hutulia karibu na unyevu wa asilimia 11 au 12. Ishushe kutoka 12 hadi 8 na umri wake umeongezeka mara 16, kabla hujatumia hata senti moja ya umeme. Ndiyo maana ninasema ukaushaji kwanza, jokofu baadaye.

Fanya hivi. Chagua mche, usichague tunda. Tunda kubwa juu ya mche mgonjwa litakurithisha udhaifu wa mche. Ufunge kitambaa mche uliouridhia ili mtoto asichume, na uache nyanya ziive hadi zianze kulainika. Zikate kwa upana, zikamue katika glasi, ongeza maji kidogo tu na funika kwa kitambaa. Kwa joto la Tanga, siku mbili zinatosha. Utaona utando mweupe juu na utasikia harufu ambayo itakufanya uitoe glasi nje ya jikoni, ndivyo inavyotakiwa. Usisubiri siku ya nne, kwa kuwa mbegu zitaanza kutoa vijizizi humo humo ndani ya glasi. Mimina maji mengi, koroga: mbegu nzima zitazama na mapepe yataelea pamoja na nyama ya tunda. Mwaga ya juu, rudia, kisha zisuuze katika chujio la chai hadi zisiteleze vidoleni. Zitandaze juu ya sahani ya udongo, si karatasi, kivulini penye upepo, na uzipekue kwa vidole asubuhi na jioni zisigandamane. Zipe siku tano hadi saba, na wakati wa masika uongeze. Zikikauka huwa na manyoya ya kijivu kama mashavu ya mtu aliyekosa kunyoa.

Hapo bado zina unyevu wa hewa ya pwani. Kaanga mchele bila mafuta hadi ubadilike rangi kidogo, umimine ungali moto katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, funga, na usubiri upoe kabisa. Zitie mbegu katika kifuko cha kitambaa, zizike ndani ya mchele huo ambao ujazo wake uwe mara mbili ya mbegu, na ufunge kwa wiki mbili. Mchele utaunywa unyevu uliobaki. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyowekwa katika maboksi ya viatu hufanya kazi hiyo hiyo, ila vikisha kushiba vinahitaji kukaushwa upya kwa joto la polepole. Ukitaka kujua kama mbegu imekauka, ikunje kati ya kucha mbili: iliyo tayari huvunjika, isiyo tayari hupinda.

Baada ya hapo chupa iende ndani ya jokofu, sehemu ya kawaida. Umeme ukikatika usiifungue kwenda kuchungulia. Na siku ya kupanda, itoe na uiache mezani hadi ipoteze ubaridi wote ndipo uifungue, la sivyo hewa yetu yenye unyevu itageuka jasho juu ya mbegu zako na kazi ya wiki mbili itapotea kwa dakika moja. Mbegu ya nyanya iliyotunzwa hivi hukaa miaka minne, mitano, na zaidi.

Mwisho, ukitaka mbegu ya kurudia, nunua ya kawaida badala ya chotara. Hapa Tengeru zilitolewa Tanya na Tengeru 97, zote mwaka 1997, na bado zinapatikana. Cal J na Rio Grande nazo ni za kawaida. Nyanya hujichavusha yenyewe mara nyingi sana, kwa hiyo ukiitenga mita chache na aina nyingine, watoto watafuata mama yao.

Mtoto wa Pangani, Minnesota

Bwana Shamba, nimejifunza mengi, hasa hilo la jasho la chupa, maana huku kwetu hewa ni kavu na sikuwahi kulifikiria. Mama Pongwe, niruhusu nijibu lile swali la mpwa wako, kwa kuwa nyanya hiyo ya zambarau nimeipanda mimi mwenyewe.

Mbegu zake zilianza kuuzwa kwa wakulima wa nyumbani hapa Marekani mwanzoni mwa mwaka 2024, mbegu 10 kwa dola 20. Nilizipanda ndani ya nyumba mwezi wa tatu, theluji ingali nje, na nikazihamishia uani mwishoni mwa mwezi wa tano. Ni nyanya ndogo, za kutia mdomoni nzima. Ukiikata, rangi imeenea hadi katikati, na kisu kinabaki na madoa kana kwamba umekata zambarau za kwenye mti. Ladha ni ya nyanya ndogo ya kawaida. Aliyetarajia muujiza ulimini atalalamikia dola zake.

Hiyo ni GMO halisi. Ilitengenezwa na Cathie Martin na wenzake katika kituo cha John Innes mjini Norwich, Uingereza, waliochapisha kazi yao mwaka 2008: walichukua vinasaba viwili vya ua la bustani liitwalo snapdragon, vinavyowasha utengenezaji wa rangi, wakaviingiza ndani ya nyanya. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliipitisha Septemba 2022. Mpwa wako asiichanganye na Indigo Rose, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon mwaka 2012, kwa kuwa hiyo ni ya zambarau kwenye ganda tu, ndani ni nyekundu, na ilipatikana kwa kupandanisha nyanya na ndugu zake wa porini bila maabara ya vinasaba.

Kuna jambo ambalo lilinichekesha, na mzee wa mtaani kwenu alisikie. Nyanya hii si chotara. Nilihifadhi mbegu zake, nikazipanda mwaka uliofuata, na zote zikatoka zambarau vile vile kama mama yao. GMO ikarudia sura yake bila kukosea, na ile ya dukani kwako, isiyo GMO, ndiyo iliyotawanyika. Tatizo la kampuni kwenye mbegu yangu liko katika karatasi: ina hataza, na siruhusiwi kuuza mbegu nilizozizalisha.

Nayo haikai mahali pake kirahisi. Mwaka huo huo wa 2024 kampuni moja inayojulikana hapa kwa mbegu za asili ilitangaza nyanya yake ya zambarau hadi ndani kuwa si GMO, kisha ikaiondoa kwenye mauzo baada ya kushindwa kuthibitisha jambo hilo. Jinsi mbegu mbili zinavyofanana mkononi, sishangai.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mpwa asilete. Tanzania ina kanuni za usalama wa kibayolojia tangu mwaka 2009, na kuingiza mbegu ya GMO mfukoni bila kibali ni kuzivunja. Lakini hata kama ingekuwa Indigo Rose, mbegu yoyote inayovuka mpaka huhitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na sababu yake ni ya maana kuliko ukiritimba: kuna virusi vya nyanya vilivyotambuliwa Israeli na Jordani mwaka 2014 na 2015, ambavyo husafiri juu ya ganda la mbegu, huparuza matunda kwa mabaka ya kahawia, na vimekwisha kuzunguka mabara kadhaa kwa njia hiyo. Sitaki viingie Pongwe ndani ya begi la mpwa. Akuletee viatu.

Mzee wa Likoni, Mombasa

Nimesoma yote, na kwa habari ya chotara nimekubali, maana nami nilipata kupanda mbegu za namna hiyo na wajukuu wakatoka kama alivyosema Bwana Shamba. Kumbe tungule za mama zilikuwa zinarudia kwa sababu hazikuwa chotara, wala si kwa sababu ya kibuyu.

Hata hivyo sitaki tuliache jambo hili kana kwamba hofu yote ilikuwa ujinga. Huku Kenya marufuku ya kuingiza vyakula vya GMO iliwekwa Novemba 2012, ikaondolewa na Baraza la Mawaziri Oktoba 2022, na watu wakakimbilia mahakamani siku hizo hizo. Pamba ya GMO ilikuwa imekwisha kuruhusiwa tangu Desemba 2019. Waliokwenda mahakamani hawakuwa wote wanaogopa kuota mapembe. Wengi waliuliza mbegu itakuwa ya nani. Na swali hilo linaigusa chotara sawasawa na GMO. Mtu anayelazimika kununua kila msimu ananunua kila msimu, iwe amefungwa na hataza au na hesabu ya Mendel. Mimi naona kosa letu ni kuliita kila tusilolipenda kwa jina moja, kwa sababu ukimwambia mwenye duka kwamba anauza GMO, atakujibu kwa kiapo kwamba hauzi, naye atakuwa mkweli, na lile swali lako la bei na utegemezi litakuwa limekufa hapo hapo.

Bwana Shamba, nina maswali mawili. Majivu ya mama yalikuwa na kazi gani? Na je, yale magonjwa hayarithiwi ndani ya mbegu tukizizungusha wenyewe mwaka hadi mwaka?

Bwana Shamba Mstaafu, Arumeru

Mzee wangu, hapo kwenye jina moja umenifunza mimi.

Majivu makavu hunyonya unyevu na huwasumbua wadudu wa ghalani, kwa hiyo mama alikuwa anafanya kazi ya mchele wangu kwa njia yake. Ayatumie mtu yakiwa yamepoa na yamechekechwa, na ayabadilishe kila msimu, kwa sababu majivu yaliyoshiba huirudishia mbegu unyevu.

Magonjwa mengine hurithiwa, mengine hapana. Bakajani chelewa, linalowaumiza wengi wakati wa mvua, halitegemei mbegu. Linakuja na upepo na umande. Ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa njano huletwa na nzi weupe. Lakini kansa ya bakteria na virusi vya batobato huweza kukaa kwenye mbegu. Kuvundika kwa siku mbili kunasaidia dhidi ya bakteria, na mwenye kipimajoto anaweza kuziloweka mbegu katika maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kisha azipoze kwa maji baridi na kuzianika. Asiye na kipimajoto asijaribu kwa kukisia kidoleni, atazipika. Kinga ya kwanza inabaki ile ile ya kutochukua mbegu kwenye mche uliougua, na hapo Mama Pongwe aelewe kwamba ule uliomnyaukia, hata kama nyanya zake zilikuwa tamu, haumo.

Na tahadhari ya kisheria kwa wote: kujihifadhia mbegu kwa bustani yako na kuuza mbegu ni mambo mawili tofauti. Tanzania hairuhusu mbegu zisizothibitishwa kuuzwa madukani. Wakulima wadogo wanaotaka kuuziana ndani ya eneo lao wana utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, unaosimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kudhibiti ubora wa mbegu.

Mama Pongwe, Tanga

Wazee wangu na mwanangu wa Pangani, nimenyamaza kwa wiki kadhaa kwa sababu nilitaka nirudi na idadi, maana nimeona ndizo zinazonipatia heshima hapa.

Pakiti nimeipata katika droo ya mashine ya kushonea. F1 imo, imeandikwa chini kabisa, karibu na tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa maandishi ambayo niliyasoma baada ya kwenda nayo dirishani. Mzee wa mtaani nimempelekea akaisoma kwa miwani yake. Amesema kampuni ingeandika kwa Kiswahili, naye angejua tangu siku ya kwanza, na sikuwa na la kumpinga.

Nilinunua Tanya, nikaipanda, na ile glasi nimeivundika kama nilivyoelekezwa. Siku ya pili jioni mume wangu aliuliza kuna panya gani amekufa. Mchele nilikaanga kikombe kimoja. Kisha nikafanya jaribio la kitambaa chenye maji: mbegu 20 za Tanya kutoka chupani, na mbegu 20 zilizobaki katika kile kifuko cha juu ya jokofu, kila kundi katika sahani yake, nikazinyunyizia asubuhi na jioni. Siku ya nane za chupani zilikuwa zimeota 18. Za kifukoni zimeota 3, na nyingine zimeota ukungu.

Mpwa nimemwandikia asilete mbegu. Amefurahi, anasema viatu ni rahisi zaidi.

Limebaki moja. Ule mche mrefu uliopita ukuta bado unazaa hadi leo, na nyanya zake zina ladha ambayo ile chotara ya mwaka jana haikuwa nayo. Nimeufunga kipande cha kanga. Nikichukua mbegu zake na kuendelea kuchagua kila msimu, je, itafika siku zitulie na kufanana?

Bwana Shamba Mstaafu, Arumeru

Zitatulia. Panda kumi au kumi na mbili kila msimu, uchague ule unaoupenda, uondoe wengine, na ifikapo kizazi cha sita au cha saba zitakuwa zinafanana kiasi cha kustahili jina. Andika tarehe kwenye kila chupa, tangu hii ya kwanza.